Mbwa wa Boma na Uhai wa Watoto

Katika maboma mengi ya Kwanza, Endebess, Kimilili na viunga vya mji wa Kitale, mbwa ana kazi inayojulikana na kila mtu lakini hana mwenyewe anayejulikana. Hulinda ghala baada ya mahindi kuvunwa, hufukuza tumbili shambani, humbwekea mgeni wa usiku, na ujira wake ni ukoko wa ugali uliobaki sufuriani. Lakini chifu anapotangaza katika baraza kwamba siku fulani mbwa watachanjwa uwanjani, huwa vigumu kumpata mtu mzima hata mmoja wa boma hilo anayeona kwamba kumpeleka ni wajibu wake. Baba hudhani vijana watampeleka, vijana husubiri waagizwe, mama ana shughuli zake, na jioni mbwa hubaki alivyokuwa asubuhi. Makala haya yanahusu pengo hilo na ugonjwa unaopenya humo, yaani kichaa cha mbwa, na hoja yake ni kwamba chanjo ya mbwa ni sehemu ya afya ya watoto wa boma, hivyo yafaa kupangwa mapema na kuwekewa mtu wa kuisimamia, jinsi familia inavyopanga karo, mbegu na mbolea.

Kichaa cha mbwa husababishwa na virusi vinavyopatikana katika mate ya mnyama mgonjwa, na huingia mwilini mwa mtu kupitia jeraha la meno, mkwaruzo uliopata mate, au utando laini wa macho, pua na kinywa. Virusi hivyo havizunguki katika damu kama vijidudu vya malaria, bali hupanda polepole kwenye neva, ambazo ni nyuzi zinazopeleka hisia na amri kati ya viungo na ubongo. Kwa sababu hiyo kuna kipindi cha kuatamia, yaani muda kati ya kuumwa na kuugua, ambacho kwa kawaida huwa mwezi mmoja hadi mitatu, ingawa kinaweza kuwa wiki moja tu au hata kupita mwaka, na hufupika jeraha linapokuwa karibu na kichwa. Mtoto mdogo, ambaye kimo chake humfanya akutane na mbwa uso kwa uso, huumwa mara nyingi kichwani, usoni au shingoni, na hivyo muda wake wa kuokolewa ni mfupi kuliko wa mtu mzima aliyeumwa mguuni. Kipindi hicho ndicho nafasi pekee ya tiba, na pia ndicho kinachowahadaa wengi, kwa kuwa kidonda hupona, ngozi hufunga, na familia husahau kabisa. Dalili zikishaanza, zikiwa ni kuwashwa au kuchomwachomwa mahali palipoumwa, homa, koo kukaza kila maji yanapokaribia, kuchanganyikiwa, au viungo kupooza kimyakimya, hakuna dawa inayotibu, na kifo huwa karibu hakika.

Shirika la Afya Duniani limekuwa likikadiria kwamba watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka kwa ugonjwa huu, karibu wote barani Afrika na Asia, kwamba asilimia 99 ya maambukizi ya binadamu hutokana na mbwa, na kwamba takriban watu 4 katika kila 10 wanaokufa ni watoto walio chini ya miaka 15. Nchini Kenya ugonjwa ulithibitishwa kwa mbwa mwaka 1912 karibu na Nairobi, na kwa binadamu mwaka 1928 katika eneo la Ziwa Victoria. Makadirio ya serikali yametaja vifo vipatavyo 2,000 kwa mwaka, na mwaka 2014 ulitolewa mkakati wa taifa wa kuumaliza ifikapo 2030. Inasikitisha kwamba ugonjwa wenye kinga tangu mtoto Joseph Meister alipodungwa chanjo ya Louis Pasteur huko Ufaransa mwezi Julai 1885 bado unazika watoto vijijini.

Wakazi wa miteremko ya Mlima Elgon wanajua jinsi ugonjwa mwingine ulivyoipa sehemu yao jina duniani. Mwaka 1980 mhandisi Mfaransa aliyefanya kazi katika kiwanda cha sukari cha Nzoia, Bungoma, alizuru pango la Kitum mlimani humo na baadaye akafa jijini Nairobi kwa homa ya virusi vya Marburg, na mwaka 1987 kijana wa Kidenmaki aliyezuru pango hilohilo akafa kwa virusi hivyohivyo. Watafiti wakaja, vitabu vikaandikwa, na pango likaogopwa. Vifo hivyo viwili vilistahili uzito vilivyopewa. Hata hivyo, mnyama wa kuhofiwa zaidi na familia ya Kwanza si popo wa pangoni, bali ni yule anayelala chini ya ghala bila chanjo, na huyo hahitaji mtafiti kutoka ng'ambo ili adhibitiwe.

Hatua ya kwanza baada ya mtu kuumwa hufanyika nyumbani, kabla ya pikipiki kuitwa, nayo ni kuosha jeraha kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni kwa muda usiopungua dakika 15. Sabuni ya kipande ya kufulia inatosha, kwa sababu virusi hivi vimezungukwa na utando wa mafuta ambao sabuni huuvunja, na maji yanayotiririka huondoa mate kabla hayajazama ndani ya nyama. Dakika 15 ni ndefu kuliko watu wanavyodhani, hasa mtoto anapolia na wazazi wana haraka. Inafaa mtu mmoja amimine maji polepole kutoka mtungi wa lita 20 huku mwingine akipaka sabuni na kuifikisha ndani ya kila tundu la jino, na wa tatu aangalie saa. Baada ya hapo jeraha hupakwa iodini au spiriti ikiwapo, hufunikwa kwa kitambaa safi bila kukazwa, na kwa kawaida halishonwi mara moja, kwani sindano ya kushona inaweza kuvisukuma virusi ndani zaidi.

Mambo mengine hufanywa kwa nia njema lakini humpunguzia mgonjwa nafasi ya kupona. Kupaka pilipili, tumbaku, chumvi, mafuta ya taa au majivu huchubua nyama na kufungua njia zaidi, na kubandika manyoya ya mbwa yuleyule juu ya kidonda humwongezea mgonjwa uchafu uliotoka kwa mnyama mwenye virusi. Wazee na waganga wa kienyeji wanaoheshimiwa katika vijiji vya Bungoma wana nafasi kubwa hapa, kwa kuwa familia nyingi hupita kwao kwanza. Mganga anayemwambia mzazi aoshe jeraha na kukimbilia hospitali siku hiyohiyo huokoa maisha, ilhali yule anayemzuia mtoto siku kumi nyumbani kwake hutumia siku ambazo haziwezi kurudishwa, hata kama kidonda kitaonekana kupona vizuri.

Hospitalini wahudumu huyapanga matukio katika madaraja matatu, na ni vyema familia iyajue ili ieleze vizuri kilichotokea. Daraja la kwanza ni kumshika mnyama au kulambwa kwenye ngozi isiyo na jeraha, ambalo halihitaji sindano. La pili ni kumegwa kidogo au kukwaruzwa bila damu, ambalo huhitaji chanjo. La tatu ni jeraha lililotoboa ngozi, au mate yaliyoingia katika jeraha, macho au kinywa, ambalo huhitaji chanjo pamoja na kingamwili. Kingamwili hizo ni askari waliokwisha kutengenezwa, wanaodungwa ndani na pembeni mwa jeraha ili kupigana mara moja, wakati chanjo inaufundisha mwili wa mgonjwa kujitengenezea askari wake, kazi inayochukua siku kadhaa. Chanjo haitolewi siku moja ikaisha: ipo ratiba inayokamilika ndani ya wiki moja, na ipo inayohitaji dozi nne au tano zinazoenea hadi mwezi mzima, kulingana na jinsi sindano inavyodungwa. Mgonjwa anayeacha baada ya dozi mbili kwa sababu anajisikia mzima amejiweka tena hatarini, kwa kuwa kujisikia mzima ndiyo hali ya kawaida ya kila mtu katika kipindi cha kuatamia. Tarehe zote ziandikwe kwenye karatasi na kubandikwa ukutani, na mtu mmoja katika familia apewe jukumu la nauli.

Gharama isifichwe katika mazungumzo haya, kwa maana ndiyo inayowarudisha wengi njiani. Shirika la Afya Duniani limekadiria wastani wa dola 108 kwa matibabu kamili ya mtu mmoja aliyeumwa, ukijumlisha usafiri na muda wa kazi uliopotea, na kwa mkulima wa ekari moja kiasi hicho kinaweza kumeza faida ya msimu. Tena si kila zahanati huwa na chanjo, achilia mbali kingamwili. Kwa hiyo ni busara kupiga simu kwanza, au kumwomba mhamasishaji wa afya wa kijiji aulize, kisha kwenda moja kwa moja pale dawa ilipo, iwe ni hospitali ya kaunti ndogo au hospitali za rufaa zilizoko Kitale na Bungoma mjini, badala ya kutumia nauli yote kuzunguka. Ikiwa pesa hazitoshi, mgonjwa aanze dozi ya kwanza siku hiyo na familia itafute zilizobaki wakati matibabu yanaendelea. Kuchangisha harusi na mazishi ni desturi iliyokomaa katika jamii hizi, na kuchangia dozi za mtoto kabla hajaugua ni matumizi bora zaidi ya desturi hiyo.

Kizuizi kingine ni kimya cha watoto. Mtoto aliyekuwa akimchokoza mbwa wa jirani, au aliyepita shamba alilokatazwa, huficha jeraha chini ya sketi au soksi kwa sababu anajua akisema atachapwa, na wazazi hujua habari ile miezi miwili baadaye, pale anaposhindwa kunywa maji. Hakuna kosa la mtoto linalofaa kulipiwa kwa uhai wake. Wazazi, babu na bibi wanapaswa kutangaza nyumbani, kwa maneno yaliyo wazi na kabla jambo lolote halijatokea, kwamba anayeumwa au kukwaruzwa na mbwa, paka au punda aseme papo hapo na hataadhibiwa. Na walimu wa shule za msingi wafanye vivyo hivyo gwarideni. Mtoto afundishwe pia kutomkaribia mbwa anayekula, aliyelala au anayenyonyesha, na kutomkimbia mbwa anayemjia, bali kusimama wima, mikono ikiwa mwilini, bila kumtazama machoni.

Katika nchi ya ng'ombe wa maziwa kama Trans Nzoia, sura nyingine ya ugonjwa huu yastahili kuelezwa kwa kina, kwa sababu huwanasa wakulima hodari. Ng'ombe aliyeumwa na mbwa mgonjwa usiku, bila mtu kuona, huanza kukataa majani, mate humtoka kwa wingi na kuning'inia, hujaribu kumeza asiweze, hulia mfululizo kwa sauti nzito iliyokwaruza, hujikamua kama aliyefunga choo, kisha miguu ya nyuma hulegea. Wengine hugeuka wakali na kushambulia. Mkulima anayemwona katika siku ya kwanza hudhani gunzi la mahindi au kiazi kimemkwama kooni, hukunja mkono wa shati na kuingiza mkono hadi kooni kutafuta, na mkono huo karibu kila mara una michubuko ya majani ya mahindi, miiba au jembe. Huko ni kukutana na virusi mahali vilipo vingi zaidi. Ng'ombe, mbuzi au punda wa mkokoteni anayetokwa mate na kushindwa kumeza asiingizwe mkono na mtu yeyote asiyevaa glavu za daktari. Atengwe, aitwe afisa wa mifugo wa wadi, na kila aliyemshika kinywa aoshe mikono kwa sabuni kwa muda uleule wa dakika 15 na kwenda hospitali.

Uchungu wa kumpoteza ng'ombe wa maziwa ni mkubwa, na kishawishi cha kumwita mchinjaji kabla mnyama hajaanguka kinaeleweka, lakini yapasa kukataliwa, kwani wanaochuna, kupasua kichwa na kushika ulimi wanajitia hatarini moja kwa moja. Maziwa ya ng'ombe huyo yasinywewe wala kupelekwa kwenye kituo cha kukusanyia. Kuchemsha huua virusi, lakini hakumkingi aliyemkamua na kuguswa na mate. Mzoga uzikwe kwenye shimo refu au uchomwe, mbali na mbwa wengine.

Mbwa mwenyewe hutambulika kwa kubadilika. Aliyekuwa mpole huuma mawe, vijiti na hewa, aliyekuwa akibweka vizuri hutoa sauti iliyokauka, taya hulegea na mate kumtoka. Lakini wapo ambao hawapati ukali kabisa, hujificha tu gizani na kupooza, na hawa huuma watu wenye huruma wanaowafungua kinywa wakitafuta mfupa. Mbwa akimuuma mtu na aweze kufungiwa bila hatari, afungiwe na kuangaliwa kwa siku 10, kwa sababu mbwa mwenye virusi katika mate wakati wa kuuma ataugua au kufa ndani ya muda huo. Akibaki mzima, daktari anaweza kusimamisha sindano za mgonjwa. Matibabu, hata hivyo, huanza siku ya kwanza na hayangoji siku hizo kuisha. Umati unapomuua mbwa, asipondwe kichwa, kwa kuwa ni ubongo unaopimwa katika maabara za mifugo, kama zile za Eldoret na Kabete, na kichwa kisikatwe na mtu asiye na ujuzi.

Kuua mbwa wote wa kijiji ni wazo linalorudi kila mara msiba unapotokea, na uzoefu umelikataa. Katika kisiwa cha Flores, Indonesia, ugonjwa ulipoingia mwaka 1997 mbwa wengi mno waliuawa na bado ugonjwa ukaendelea, kwa sababu watu huficha mbwa wao au huleta wengine kutoka mbali, na mbwa wapya hao hawana kinga. Kinachofanya kazi ni chanjo inayofikia angalau mbwa 70 katika kila 100, ikirudiwa kila mwaka, kwani mbwa wa vijijini huishi maisha mafupi na watoto wao huzaliwa bila kinga ya kudumu. Pemba ni ushahidi wa karibu: chanjo za mbwa kisiwani huko ziliukomesha ugonjwa, ukaingizwa tena mwaka 2016, na chanjo zikaukomesha kwa mara ya pili. Elgon si kisiwa; mbwa huvuka Suam na Lwakhakha bila pasipoti, na hivyo kaunti za Trans Nzoia na Bungoma na wilaya jirani za Uganda zitafaidika zaidi zikichanja katika majira yaleyale.

Ndani ya boma, ushauri ni kwamba kila mbwa awe na jina na awe na mtu mzima mmoja anayemjibia. Achanjwe kila mwaka, na watoto wa mbwa wasiachwe nyumbani siku ya kampeni kwa kudhaniwa kuwa wachanga, maana Shirika la Afya Duniani linashauri wachanjwe hata kabla ya kufikisha miezi mitatu na kurudiwa baadaye. Cheti kihifadhiwe pamoja na vitabu vya kliniki vya watoto. Azoeshwe kamba angali mdogo, kwa sababu mbwa wengi hukosa chanjo kwa vile tu hakuna anayeweza kuwashika. Alishwe chakula chake mwenyewe kila jioni, ili asizurure machinjioni na kwenye majaa ya Kitale au Webuye anakokutana na wagonjwa. Afungwe mchana kivulini, awe na maji, afunguliwe usiku ndani ya ua; kumfunga siku nzima juani humfanya mkali bila kumfanya mlinzi bora. Boma lisiwe na mbwa wengi kuliko linaoweza kulisha, na madaktari wa mifugo wanaweza kuwahasi ili watoto wa mbwa wasitupwe njiani, tendo ambalo ni ukatili kwao na hatari kwa wapita njia. Katika mwezi wa Agosti wa miaka inayogawanyika kwa mbili, wakati wa tohara ya Wabukusu, vijana na wageni hutembea usiku kwa makundi na ngoma, na huo ni wakati ambao kila mwenye mbwa anapaswa kumfunga hata usiku hadi sherehe ziishe.

Mambo makubwa zaidi yanahitaji sauti ya pamoja. Chanjo ya mbwa mmoja hugharimu sehemu ndogo sana ya matibabu ya mtu mmoja, na bado bajeti hungojea mtu afe. Vyama vya maziwa, makanisa, misikiti na kamati za shule vinaweza kukusanya orodha ya mbwa wa kijiji na kumwalika afisa wa mifugo kwa siku moja, jambo linalopunguza gharama kwa kila boma. Hitaji la kuhifadhi chanjo katika baridi lisiwe kisingizio: utafiti uliohusisha mbwa wa Tanzania ulionyesha kwamba aina moja ya chanjo yao ilibaki na nguvu hata baada ya kukaa miezi 6 katika joto la nyuzi 25, na vyombo vya kupoza visivyotumia umeme, vinavyotengenezwa kwa udongo, vimebuniwa nchini humo ili chanjo ikae kijijini. Wananchi wanapohudhuria vikao vya umma vya bajeti ya kaunti wana haki ya kuuliza mambo mawili kwa majina yake: fungu la chanjo ya mbwa ni kiasi gani, na ni vituo gani vya afya vitakavyokuwa na chanjo na kingamwili za binadamu mwaka mzima.

Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani huadhimishwa tarehe 28 Septemba, wakati mahindi ya Trans Nzoia yanapokaribia kuvunwa na mbwa wanapoanza kuhitajika ghalani. Familia ambayo haikumbuki mara ya mwisho mbwa wake alipochanjwa ihesabu kwamba hajachanjwa, na iwasiliane na ofisi ya mifugo ya wadi yake wiki hii.